Tako Pana, Tako Jembamba

Lilibaki shimo moja tu la mchezo. Ishbel na wifi yake Senga, dada wa marehemu mumewe, walikuwa sare kwa mashimo waliyoshinda. Kapteni Rhona alisimama karibu na bendera ya shimo, kola ya koti juu, akingoja kujua ni nani atakayepata kiti cha mwisho kwenye basi dogo la timu ya gofu.

Kiti hicho Ishbel alikuwa nacho miaka na miaka. Tangu Wattie wake azikwe, Alhamisi za mashindano ndizo siku pekee alizokula na watu. Siku nyingine ni yeye, supu na redio, na redio haijawahi kumwomba chumvi.

"Piga basi, wifi, nyasi zinaota!" Senga akamrushia.

"Zako zimeota hadi kidevuni, nimesema kitu?"

Mpira wa Senga ulikuwa umezama kwenye dimbwi la mchanga. Wa Ishbel ulikuwa nyuma ya dimbwi hilohilo, juu ya ardhi kavu, ngumu kama goti la mbuzi. Ilibidi auinue, uvuke mchanga, ushuke polepole karibu na bendera. Kazi ya fimbo ya kuchotea, ile fupi yenye uso uliolala chali. Akatia mkono mfukoni mwa fimbo.

Mkono ukakuta mbili.

Moja ilikuwa mpya, aliyouziwa na Moncur mwenye duka. "Hii ina tako pana, mama," Moncur alimwambia, akipapasa chini ya kichwa cha fimbo. "Haizami mchangani, inakalia tu." Ishbel akamjibu, "Hata mimi sijawahi kuzama," na Moncur akaiva masikio. Nyingine ilikuwa ya zamani, ya Wattie, yenye tako jembamba. Asubuhi nzima jikoni alikuwa akiweka hii, akitoa ile, maana sheria inaruhusu fimbo kumi na nne, basi. Birika likapiga mluzi, akalikimbilia. Aliporudi akafunga mfuko, akaondoka. Na zote mbili ndani. Kumi na tano!

Adhabu yake ni kukatwa mashimo mawili kati ya uliyoshinda. Kwa aliye sare na kubakiwa na shimo moja, hiyo si adhabu, ni mazishi.

Lakini nani ameona? Angeweza kuisukuma moja chini ya koti la mvua, akachomoa nyingine, akapiga. Vidole vyake vilishaanza kusukuma.

Wattie aliwahi kurudisha kombe zima kwa sababu fimbo yake iliugusa mpira kabla ya kupiga, ukasogea kama pua ya sungura, kosa kisheria, na ni yeye peke yake aliyeuona. Ishbel alimwita mpumbavu njia nzima, kisha akampikia nyama.

"Senga," akasema, akiutoa mkono mfukoni. "Nina kumi na tano."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilizihesabu shimo la kwanza."

"Ukanyamaza, nyoka wewe!"

"Nilitaka kuona kama utasema."

Upepo ulikuwa mkali, Rhona hakusikia kitu. Senga angemwita tu, na kiti kingekuwa chake. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akautazama mfuko wake mwenyewe, na uso ukamgeuka rangi ya bitiruti.

"Usiniangalie hivyo," akasema, akachomoa fimbo mpya, tako pana, pacha kabisa wa ile ya Ishbel. "Moncur aliniambia nisikwambie. Na mimi pia kumi na tano. Nani anaweza kuchagua kabla ya chai?"

Wakamwita Rhona. Rhona akawatazama kama watoto waliokamatwa na jamu mashavuni.

"Kila mmoja anakatwa mawili. Bado sare. Sasa kila mmoja atoe moja, na ikishatoka hairudi."

Ishbel akamwachia zamu, na Senga hakujiuliza. Mchangani ni tako pana. Akapiga, mchanga ukaruka, mpira ukatua hatua chache kutoka shimoni.

Ishbel akashika ile mpya. Nyuma ya duka la Moncur, alipoijaribu, ilikuwa imeinua mipira kama chapati. Lakini pale nyasi zilikuwa zimelowa. Hapa, juu ya goti la mbuzi, tako hilo lingedunda, chuma kingeupiga mpira kwenye paji la uso, nao ungekwenda kuoga baharini, kule nyuma ya bendera.

Akaigeuza kichwa chini mfukoni, ishara kwamba imetoka. Akashika ya Wattie, mpini ulioliwa na kidole gumba cha mumewe.

Kha! Mlio mkavu, kama kuuma biskuti ya shayiri. Mpira ukapanda, ukaning'inia upepo ukiusumbua, ukavuka mchanga kwa unywele, ukabingirika, ukasimama kiganja kimoja tu kutoka shimoni.

Senga akasukuma wake. Ukalamba ukingo, ukapita. Ishbel akaugusa wake kidogo, ukazama shimoni.

"Haya, kiti chako," Senga akasema, akipangusa pua. "Alhamisi nitawafuata na gari langu, nikubebee mfuko. Mtu kama wewe lazima ahesabiwe fimbo."

"Njoo," Ishbel akajibu. "Na mezani ukae karibu nami, uniombe chumvi."