Fahali wa Kwenye Vioo

Kibanda kile kilijengwa kwa ajili ya ndama, na mzee Tumwesigye hakumpa mtu nafasi ya kulisahau hilo. Kila asubuhi, kabla ya kuwafungulia ng'ombe wake waende malishoni, alichungulia mlangoni, akaliona tangi la vioo limekaa palipokuwa pa nyasi kavu, akaguna.

"Shikamoo, Tata," Sharon, bintiye, alisalimia, pua karibu iguse kioo.

"Marahaba. Mifugo yako imeshiba?"

"Imeshiba."

"Mifugo ambayo paka hawezi kushiba kwayo!"

Walikuwa kambale wa pambo, rangi ya shaba, wenye ndevu fupi; hata wakikomaa hawazidi kidole gumba. Sharon aliwapata Murongo, kwa mama mmoja aliyevuka nao kutoka Uganda, wakiwa vitoto mithili ya punje za ulezi zenye mikia. Mzee alimkubalia kibanda kwa sharti moja. Gaju, ng'ombe wake mpenzi, ana mimba. Mvua zikianza atazaa, na ndama wa Gaju hatalala kwenye baridi. Kama kufikia siku hiyo kambale watakuwa hawajazaa, tangi litoke.

"Basi nitakuwa nimekaribisha wageni tu," Sharon alisema, "sijafuga."

Alikubali kwa hasira. Kijiji chao, Nyakasimbi, kilikwishachekwa vya kutosha. Walikuja watu na vanila, wakagawa fulana, wakapiga picha na akina mama, wakaondoka. Soko halikuonekana hadi leo. Wakaja wa kware, na kwenye mabanda yale sasa wanalala kuku. Hata bomba lilizinduliwa kwa ngoma na hotuba, maji yakatoka muda ule ule wageni walipokuwa wamekaa kwenye viti, basi. Mtu wa kuyasahau hayo alikuwa mwingine, si Sharon. Kwa kambale hakuja mtu na gari. Hapakuwa na wa kumdanganya isipokuwa macho yake mwenyewe.

Kwa hiyo aliyatumia macho. Aliwalisha kiini cha yai la kuchemsha kilichosagwa, halafu viluwiluwi vya mbu kutoka kwenye pipa. Wachache aliwaweka kwenye beseni, akawapa chakula kile kile. Wa beseni wakadumaa. Akaanza kuwabadilishia maji mara kwa mara, wakakurupuka wakakua, kana kwamba walikuwa wamebana pumzi wakingoja. Alifurahi siku nzima kwa kulijua hilo.

Lakini lilikuwapo lililomshinda. Ndani ya tangi lile lile, maji yale yale, chakula kile kile, karibu nusu walinenepa na kurefuka, na waliobaki wakasimama. Wala hawakuwa wagonjwa. Walichangamka kuliko wanene. Walikataa tu kuongezeka. Kwa nini?

Alimwuliza baba yake, naye aliinama akatazama kwa muda mrefu, kwa jicho lile lile analolitumia kwenye zizi jioni, ambalo kwalo humjua mtamba atakayekamuliwa vizuri hata kabla hajapandwa.

"Unasumbukia nini? Hao wakubwa ni madume. Wadogo ni mitamba."

"Una uhakika, Tata?"

"Umewahi kuona fahali mdogo kuliko jike lake? Na mafahali wengi zizini ni vurugu. Bakiza mmoja, wengine toa."

Akamchagua mwenyewe aliye mkubwa kupita wote, akampa jina la fahali: Ruhogo. Wanene wengine walikwenda Murongo kwa Edith, mwenye mgahawa pale mpakani, aliyetaka kitu cha kuwashangaza wateja wanaosubiri mizigo yao forodhani. Sharon aliondoka pale akitazama nyuma. Jibu la baba yake lilikuwa zuri, ila halikumtuliza.

Miezi ikapita. Ruhogo akazidi kuwa pipa. Mitamba haikuzaa kitu. Gaju alianza kutembea kwa uzito, na mzee akaleta nyasi kavu, akaziweka nje ya mlango wa kibanda.

Mvua ya kwanza ilipiga bati mchana. Bomba likiwa kavu kama kawaida yake, Sharon alikinga ya paani, akaimimina tangini ikiwa bado ya baridi. Haukupita muda mrefu akapiga kelele.

"Tata! Njoo uone!"

Mzee aliingia na kofia ikichuruzika. Ndani ya maji wadogo wote walikuwa wamechachamaa, wanamkimbiza Ruhogo kona hadi kona, wanampanda mgongoni, wanamziba njia.

"Hii ni nini sasa? Mitamba inamfukuza fahali?"

"Labda fahali wako mwoga."

"Nyamaza, binti. Fahali niliyemchagua mimi!"

Ruhogo alisimama. Akakunja mapezi ya tumboni kama mtu anayekinga viganja, kisha akapanda taratibu, akabandika tumbo kwenye kioo mbele ya pua ya mzee. Alipoachia, vilibaki vitone vyeupe, vimenata. Akarudi chini. Akakinga tena.

"Sharon." Sauti ya mzee ilikuwa ndogo. "Fahali wangu anataga?"

"Anataga, Tata."

Likamjia Sharon jibu la kile kilichomnyima raha, akacheka mpaka akashika ukuta. Wadogo hawakudumaa! Walikuwa madume, na madume ya hawa ndiyo saizi yao hiyo. Wanaokua ni majike, kwa sababu ndio wanaobeba mayai.

Mzee hakucheka. Alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa.

"Wale tuliompa Edith..."

"Majike."

"Mitamba! Mimi, Tumwesigye, nimetoa mitamba yote zizini nikabakiza madume! Baba yangu angenifukuza nyumbani."

Gaju alizaa siku hiyo hiyo jioni, jike lenye paji jeupe. Sharon alianza kukusanya viluwiluwi vya akiba bila kuuliza. Ahadi ni ahadi, na kambale wamezaa kabla ya Gaju; tangi halitoki. Na kweli, hakusikia nyasi zikisogezwa kuingia kibandani. Alipotoka, aliziona zimetandazwa sebuleni, kando ya kochi, na ndama juu yake.

"Zamani ndama alilala na watu," mzee alisema kabla hajaulizwa. "Mayai yako yasibughudhiwe."

Asubuhi mzee alivaa koti lake la kanisani, akapanda bodaboda kwenda Murongo, ndoo ya kambale wadogo katikati ya mapaja.

"Utamwambia nini Edith?" Sharon alimwuliza.

"Nitamwambia kama tunavyoambiana sisi wafugaji. Mtamba mmoja kwa madume mawili."

"Na akikataa?"

"Nitakaa mgahawani kwake mpaka mvua inyeshe," mzee alijibu, akiifunika ndoo kwa pindo la koti, "ashuhudie mwenyewe fahali anavyotaga."