Hatua Sitini kutoka Majini

Ofisa wa ardhi alihesabu hatua kuanzia majini, viatu vikimzama mchangani. Ya ishirini na tatu ikamfikisha kwenye ukuta wa nyumba ya shangazi. Mchanga ulikuwa umefika madirishani.

"Sheria inataka sitini," alisema. "Mama, umejenga ndani ya ufuko."

"Nimejenga?" Shangazi alishika kiuno. "Nyumba ina miaka thelathini, haijasogea hata inchi moja! Bahari ndiyo iliyonifuata."

Dereva wa tingatinga, mtoto wa kaka yake, aliendelea kuchota mchanga mlangoni, macho chini. Alijua bahari ilipita wapi. Wiki tatu nyuma, meneja wa hoteli alimtuma asawazishe tuta la mchanga lililokikinga kisiwa, eti wageni wayaone maji wakiwa vitandani. Haya, na tuta lenyewe lilikuwa na kosa gani? Alilimaliza kwa siku mbili, akapigiwa makofi. Dhoruba ilipokuja, mawimbi yalipita palepale, yakauzoa ufuko na kwenda kuubwaga, nusu kwenye nyumba ya shangazi, nusu upande wa pili wa kisiwa. Hoteli, iliyojengwa juu ya mwamba, haikulowa hata zulia.

"Iko njia moja," ofisa alisema. "Kama tuta lilibomolewa na mtu, huyo atakujengea kwingine. Kama ni mawimbi, hiyo ni kazi ya Mungu, nyumba inavunjwa. Dereva, wewe unafanya kazi pale. Nani alilibomoa?"

Meneja alikuwa nyuma ya ofisa, anafuta miwani. Aseme nini, na kibarua cha dereva kimo mkononi mwake?

Dereva alizima mashine, akajihimiza. Sema, mwanamume, sema!

"Ni mawimbi," alisema.

Shangazi alinywea. "Basi ni mawimbi. Huyu nimemlea mwenyewe, uongo haujui."

Ofisa akaandika. Meneja akamwambia dereva arudi na mashine kesho asubuhi aivunje nyumba. Dereva alitamani ardhi ipasuke immeze. Alifungua kinywa akatae, lakini shangazi alimwahi, akamshika mkono kwa viganja vyote viwili.

"Usione haya, baba. Afadhali uje wewe kuliko mtu baki. Wewe una huruma. Utaning'olea mlango kwanza, usivunjike, sivyo?"

"Nitaung'oa, shangazi."

"Ahsante, mwanangu," alisema shangazi, na machozi yakamtoka kwa shukrani.