Ufunguo wa Kipyenga

Mimi mdomo wangu hauna breki, kila mtu kiwandani analijua hilo, kwa hiyo nitasema mambo kama yalivyokuwa. Ukumbi wetu wa kushonea mashati una cherehani kila kona, feni mbili zinazosukuma joto huku na huku, na msala mmoja, choo cha wanawake, kule mwisho, nyuma ya marobota ya vitambaa. Msala ule ulikuwa na kufuli. Ufunguo alikuwa nao msimamizi wetu, tunayemwita Kipyenga kwa sababu hajui kumwita mtu bila kupuliza filimbi. Na ili ufunguo usipotee, Kipyenga aliufunga kwa waya kwenye pasi kuukuu ya mkaa. Ndiyo, pasi, ile ya chuma! Ukibanwa unakwenda mezani kwake, unaiomba, unaibeba ukumbi mzima mbele ya wakataji, nao ni wanaume tupu, midomo juu: "Leo unakwenda kunyoosha nini, dada?"

Sasa hebu niambie, nani atakunywa maji hapo? Asubuhi tunaonja chai kidogo ya kulowesha koo, basi. Jioni ukifika nyumbani unapita watu sebuleni bila salamu, moja kwa moja chooni, ndipo unarudi kuuliza habari za mchana. Na tulivyokuwa wapumbavu, tulijisifia! Bingwa wetu alikuwa mshona mikono ya mashati, mtu mzima mwenye wajukuu, jina lake la kazini Ngamia. Huyo hakuwahi kuonekana na pasi mkononi. "Nyinyi mabinti wa siku hizi," alikuwa akisema, "mna vibofu vya sisimizi." Tunacheka, tunabana, tunaendelea kushona.

Tena si Kipyenga peke yake aliyekuwa akitutia woga. Bonasi ilikuwa ya laini nzima, safu nzima ya cherehani. Mmoja akiinuka, mashati yanarundikana kwenye cherehani yake, na wote mnakosa. Basi hata kabla hujafika mezani kwa Kipyenga, macho ya wenzako yameshakuchoma mgongoni.

Hapo ndipo nilipomleta wifi yangu. Ni mke wa mdogo wangu, fundi mwashi, na kazi nilimtafutia mimi. Tukakaa bega kwa bega, mimi kola, yeye vifungo. Wifi ni mpole hadi anaudhi. Ukimkanyaga mguu yeye ndiye anayekuomba radhi. Walikaa kwenye ndoa miaka bila mtoto, majirani wakaanza maswali yao ya kipuuzi, mpaka siku moja akaninong'oneza kwenye kelele za cherehani kwamba ana mimba. Nilipiga ukelele mpaka Kipyenga akapuliza. Mdogo wangu alichanganyikiwa kwa furaha. Akaanza kutengeneza kitanda cha mtoto kwa mikono yake, na kwa kuwa mbao siyo kazi yake, kitanda kikaegemea upande mmoja kama kinasikiliza umbea.

Mimba ilipoanza kuonekana, wifi akashikwa na homa na maumivu ya kiuno. Nikampeleka zahanati. Nesi akapima, akasema ni maambukizi ya njia ya mkojo, akampa dawa na onyo la kunywa maji mengi. Dawa zikaisha, homa ikatulia, haukupita muda tukawa tumerudi pale pale, kiti kile kile.

"Mama, unakunywa maji wewe?" nesi akauliza, miwani imeshuka puani.

"Nakunywa," wifi akaiambia sakafu.

"Hunywi. Uvivu tu. Sikiliza, haya maambukizi yakipanda kwenye figo, mtoto anaweza kuja kabla ya wakati wake. Sikutishi, nakueleza. Ukirudi tena na hali hii, nakulaza."

Nilimfinya wifi aseme habari za pasi, wapi! Aliona aibu. Njiani nikamwakia. "Wewe mtu wa namna gani? Mtoto umemngoja hivi, halafu unaona haya kutamka msala?" Akalia. Na mimi nikajisikia vibaya, nikamnunulia chupa ya maji.

Kesho yake wifi alipiga moyo konde. Akanywa, akaenda kuomba pasi. Akanywa tena, akaenda tena. Wakataji walikuwa na sikukuu yao. Laini ikaanza kuguna, na Ngamia akasema bila kuinua macho, "Na sisi tulibeba mimba humu humu, jamani." Alipokwenda mara nyingine kabla ya mchana, Kipyenga aliweka mkono juu ya pasi.

"Mama, chagua moja. Ukae kwenye kiti chako, au ukakae nyumbani mpaka ujifungue. Na ukishaondoka, kiti hakikungoji."

Wifi akarudi, akaitia chupa kwenye mkoba, akafunga zipu. Jioni mdogo wangu alisema aache kazi. "Na kodi tutamlipa mwenye nyumba kwa tofali?" wifi akamjibu, taratibu kama kawaida yake. Mdogo wangu akanitazama mimi, eti dada mkubwa nina jibu. Usiku ule nilikosa usingizi kwa hasira na kwa kumhofia yule mtoto.

Haikupita wiki, tukatangaziwa kwamba zahanati itamleta mtu kutupa somo la afya. Na nani anaingia? Nesi yule yule, miwani ile ile, na chupa kubwa ya maji kwapani. Meneja mwenyewe alishuka kutoka jengo la ofisi, akawekewa kiti mbele. Kipyenga kuona wageni, aibu ikamshika. Nilimwona kwa macho yangu akiichukua pasi harakaharaka, akaifungia kabatini, ufunguo wa kabati mfukoni. Mara lori la vitambaa likapiga honi nje, akatoka mbio kwenda kulipokea huko ghalani.

Nesi akaanza. Kuleni mboga. Nyoosheni migongo. "Na maji, jamani! Kunyweni hivi." Akainua chupa, gudu gudu gudu, akafuta mdomo. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Mnacheka nini?"

Nesi akaendelea, akanywa tena kutuonyesha, tukacheka tena. Ndipo macho yake yakamwangukia wifi.

"Wewe mama, simama. Waambie wenzako nilikueleza nini."

Wifi akasimama, mkono tumboni. "Uliniambia ninywe maji."

"Na unakunywa?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumsaidia, lakini yule mpole wetu akaniwahi. "Sinywi, nesi. Nikinywa itabidi niombe pasi, na nikiomba pasi namwaga unga."

"Pasi? Pasi ya nini?" nesi akamgeukia meneja.

"Hata mimi nashangaa," meneja akasema, na uso wake ulionyesha kweli hajui. "Pasi gani?"

"Nitataka kulisikia vizuri hilo," nesi akasema, "lakini samahani kidogo, na mimi maji yamenifika. Msala uko wapi?"

Mwenzangu! Mtu mmoja akaachia kicheko puani, na hapo hapakuzuilika tena. Meneja akamsindikiza nesi nyuma ya marobota, akakuta kufuli. Ufunguo? Kabatini. Wa kabati? Mfukoni kwa Kipyenga. Akampigia simu Kipyenga, simu ikalia mezani pale pale. Meneja akamwonyesha nesi choo cha wanaume ng'ambo ya uwanja. Nesi akaupima ule umbali kwa macho, magoti ameyakutanisha.

"Sifiki," akasema.

Ngamia alikuwa amelalia cherehani yake, machozi yanamtoka kwa kucheka. "Vibofu... vya... sisimizi!" Halafu ghafla akanyamaza. Akakaa wima. Uso ukabadilika, mkono ukashika meza.

"Jamani," akasema kwa sauti ndogo, "na mimi."

Wacha ukumbi ulipuke! Bingwa wetu, kicheko kimemshinda! Lakini Ngamia si mtu wa kungoja kuaibika. Alivuta droo ya cherehani, akatoa bisibisi yake, akatembea kwa hatua fupi fupi mpaka mlangoni. "Nipisheni!" Skrubu moja chini, ya pili chini, ya tatu ilikuwa na kutu akaitukana ikatoka. Kufuli likaachia mlango pamoja na chuma chake, akamkabidhi meneja mkononi. "Shika, mwanangu." Meneja akashika.

Nesi aliingia kwanza kwa heshima ya ugeni. Ngamia akafuata. Na nyuma yao, sijui nani alianza, tukainuka wote, laini zote, tukapanga foleni inayozunguka marobota. Nilimvuta wifi nikamweka mbele yangu. Kipyenga ndipo anarudi: viti vitupu, cherehani kimya, meneja amesimama na kufuli mkononi. Akapuliza filimbi. Hakuna aliyegeuka, jamani, hata mmoja!

Nesi alipotoka alimwendea wifi moja kwa moja. "Nisamehe, mama. Nimekugombeza bure, nilidhani ni uvivu." Kisha kwa meneja: "Dawa ninazompa huyu ni kazi bure kama mlango unafungwa hivi. Mtoto wake yuko hatarini kwa sababu ya kufuli hilo uliloshika."

"Lakini kazi itasimama," meneja akasema, ingawa sauti ilikuwa imelegea.

"Mbona ilisimama alipougua?" mimi nikaropoka. "Vifungo vyake alivishona nani siku zile? Tulikosa bonasi, na filimbi hatukuisikia!"

"Anasema kweli," Ngamia akatoka msalani akijifunga vizuri kitambaa kichwani. "Nilinuna bure na mimi. Mtu mmoja akae akiba, mwenzake akitoka anashika kiti."

Meneja akatazama huku na huku akimtafuta mtu asiye na kazi. Macho yakatua kwa Kipyenga, ambaye zamani, kabla ya filimbi, alikuwa mshonaji. Basi tangu siku ile, ukiinuka, Kipyenga anakaa. Vifungo vyake vya mwanzo vilikuwa vimepishana, shati likifungwa upande mmoja wa kola unagusa sikio. Tulimcheka mpaka akacheka mwenyewe. Sasa hivi amekuwa fundi tena, na siku nyingine anaanza yeye: "Dada, hujaenda tangu asubuhi, kulikoni?"

Wifi alikunywa chupa yake mezani, wazi. Homa haikurudi. Alifanya kazi mpaka alipopewa ruhusa ya kwenda kujifungua, na kiti chake kikabaki chake. Lakini mimi roho haikutulia. Kila simu ikilia nilishtuka, nikihesabu bado mapema, bado mapema, mpaka mimba ikatimia na wasiwasi ukageuka wa aina nyingine.

Simu yenyewe ilinikuta msalani, katikati ya kazi. Mdogo wangu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, simwelewi, nikamwambia apumue. "Dada, ni msichana! Nguo zote ni ndogo, hazimwingii! Mama yake mzima!" Nikajiinamia hapo hapo, shangazi mtu, nikalia kwa furaha mpaka nikatosheka, na hakuna aliyekuja kunigongea mlango.