Kuanzia Kusini

Wewe ungemwambiaje mtoto asiondoke, na wewe ndiye uliyemtia hamu ya njia?

Mwanangu ni fundi cherehani. Tangu afiwe na mkewe, yeye na binti yake walikuwa na ndoto moja, kulivuka jangwa kwa miguu mwanzo hadi mwisho, safari ya miezi. Binti tukamwita Kiguu-na-Njia. Sasa mapafu ya mwanangu yamekwisha. Daktari alituambia sote watatu, bila kuzunguka, kwamba mwaka huu hataumaliza. Kiguu akasema basi ataenda peke yake.

Jioni moja walitandaza ramani juu ya meza ya kukatia nguo, kila kisima kimechomekwa pini, njia imenyooshwa kwa uzi mwekundu.

"Naanzia kusini, mvua zikikatika tu," Kiguu akasema. "Visima vya huko ndivyo hukauka mwanzo. Nikifika milima ya kaskazini, baridi imeshapungua."

"Na upepo? Utakula mchanga."

"Upepo utanisukuma mgongoni, baba."

"Anzia kaskazini."

"Nigande? Halafu nifike kusini nikute visima vimebaki matope?"

"Basi ngoja msimu mwingine. Mpango wako umebana, hauna hata akiba ya pindo. Ukinenepa kidogo unachanika."

"Jangwani nitanenepa kwa kula nini?"

Mwanangu akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Nikamshikia kikombe. Maji yakamchuruzika shingoni, nikayafuta kwa kipande cha kitambaa kilichobaki mezani.

Macho hayana pazia. Mkoba aliokuwa akimshonea binti yake ulikuwa umebakiza mkanda mmoja. Kila asubuhi aliufumua mshono uleule, jioni akaushona upya. Fundi wa umri wake hashindwi na mkanda.

"Mkoba lini, baba?"

"Bado mkanda."

Kiguu akaketi. Sauti ilikuwa imemshuka. "Hii ni safari yako. Nataka niiende, nirudi nikusimulie. Nikingoja msimu mwingine, nitamsimulia nani?"

Mwanangu akanyoosha mkono, akaichomoa pini ya kisima cha kwanza. Uzi ukalegea, ukalala juu ya ramani.

"Sitaki kusimuliwa, mama," akamwambia binti yake. "Nataka nikifumbua macho nikuone. Mpaka siku nitakaposhindwa kuyafumbua."