Kasi ya Sahani za Mama

Sijawahi kumpenda mume wa mdogo wangu, na sababu yenyewe naona haya kuitaja: hana kasoro. Ni mpima macho, anauza miwani, anaongea kwa sauti ya chini, hachelewi popote, na akija kwa mama huvua viatu mlangoni kabla hajaambiwa. Mtu wa namna hiyo utamshikia wapi? Siku mama alipomwona kwa mara ya kwanza alisema, "Kijana mtulivu huyu." Mimi alinizaa miaka arobaini na tatu iliyopita, na utulivu wangu hajautaja hata kwa bahati mbaya.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Nina chumba kimoja cha kazi, meza mbili na kabati la vipuri ambalo mke wangu amekataa kulifagia. Mtaani wananiita Daktari, kwa kuwa mashine zilizokatiwa tamaa kwingine hufufukia kwangu. Ni moja tu iliyonishinda, nayo ilinishinda kwa uvivu wala si kwa ufundi. Ilikuwa ya mama.

Mama alipiga chapa miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu, ofisi yake ilikuwa inatupa kompyuta zake za kwanza, zile nene za rangi ya maziwa yaliyochacha, akaomba moja akapewa. Ndani yake mlikuwa na mchezo ambao wapiga chapa waliushindania saa ya chakula. Mhudumu mdogo wa hoteli anakimbia huku na huku chini ya skrini, sahani zinadondoka kutoka juu, nawe unamsogeza kwa vidole azidake. Ikimponyoka, inapasuka kwa mlio kama wa sufuria. Mama alikuwa bingwa wa ghorofa nzima, na mkuu wake wa kazi alikuwa wa pili na hakupenda.

Kompyuta ilipokufa niliichukua nikamwambia, "Wiki ijayo, mama." Wiki ijayo hiyo ikafika miaka miwili. Katikati hapo nilichomoa kifaa chake cha umeme nikamfungia mteja aliyekuwa na haraka. Nilijitetea kwamba kinyozi hajinyoi. Mama akanijibu, "Lakini anawanyoa wengine kwa wembe wangu."

Mwaka jana kiharusi chepesi kilimgusa mkono wa kushoto. Mkono ulirudi, daktari akasema uchezeshwe kila siku, na tangu hapo mama akawa hauamini tena. Anauchunguza asubuhi na jioni. Aliishi peke yake katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, mita mia tatu kutoka kwangu, na hakutaka kusikia habari za kuhamia kwa mtu. Mdogo wangu, anayeishi saa tano za barabara kutoka hapa, alishambembeleza mara tatu aende kwao. "Siku mikono ikiniacha, tutazungumza," mama humjibu, na mimi hucheka moyoni. Mama alikuwa wangu kwa mita mia tatu.

Basi shemeji akaja likizo ya mwezi mzima, yeye na mdogo wangu, akasikia habari za sahani. Hakusema wiki ijayo. Alimwomba mama disketi za zamani zilizokuwa na nakala ya mchezo ule, akatafuta kifaa cha kuzisomea, akaweka kwenye laptopu yake ya akiba programu inayojifanya kompyuta ya kale. Mtu wa miwani. Kila jioni nikipita kwa mama namkuta ameinamia meza, mama kamwekea chai, wananong'ona kama wanafunzi wanaojiandaa kwa mtihani.

Siku ya tisa alinifuata kazini.

"Kaka, samahani nakusumbua. Mhudumu anatokea, sahani zinaanguka, ila hakuna mlio. Kadi za sauti nimezijaribu zote."

Jibu nilikuwa nalo. Programu ile unaiambia iwe na memori kiasi gani, kadi gani ya sauti, kasi gani, nayo inatii. Lakini mchezo nao lazima ukubaliane nayo juu ya njia ambayo sauti inapitia. Programu huweka namba saba, na mchezo wa miaka ile huenda unatafuta namba tano. Ni maneno kumi, hayafiki hata ishirini. Nilishika bisibisi nikalegeza skrubu isiyohitaji kulegezwa.

"Vitu vya zamani vina visirani," nikamwambia. "Wewe endelea kujaribu tu."

"Asante, kaka," alisema, na alimaanisha. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Aligundua mwenyewe baada ya siku mbili.

Jumapili tuliitwa wote. Shemeji alimwekea mama mto kwenye kiti, akageuza skrini isipigwe na mwanga wa dirisha, akamwonyesha faili la mipangilio. "Hapa ndipo penye kasi, mama. Nimeweka elfu tatu. Ndiyo inayokaribia mashine yako." Mama hakumsikia. Mhudumu alikuwa ameshatokea. Alianza kwa woga, akavunja tatu, mlio wa sufuria ukajaa sebule, kisha vidole vikakumbuka. Alidaka sitini na mbili. Mkono wa kushoto uliruka kwenye vitufe kana kwamba haukuwahi kuugua, na mama alicheka kicheko ambacho sikukisikia tangu baba afariki.

"Mkwe wangu," alisema huku akijifuta macho, "umefanya kwa wiki mbili kilichomshinda Daktari miaka miwili."

Watu wakacheka. Nami nilicheka, meno nje. Jirani aliyekuja kuazima ungo alisimuliwa habari yote upya, na mara ya pili hata jina la Daktari halikutajwa. Nikasema kwa sauti kwamba kipya kinyemi. Mdogo wangu akanimalizia, "Ingawa kidonda, kaka," akanifinya shavu.

Halafu mama akasema neno jingine, nami nililisikia kwa masikio yangu haya mawili. Alinyoosha vidole vya kushoto mbele ya uso wake, akasema, "Sasa nimepata kipimo. Nikizidaka, nimo. Siku sahani zikinishinda nitajua muda umefika, sitasubiri kuambiwa." Nililisikia, lakini nilikuwa namtazama shemeji akikusanya vikombe na kuvipeleka kuosha, na moyo wangu ulikuwa kwenye vikombe.

Likizo yao ilikwisha wakaondoka, laptopu akamwachia mama. Hapo ningetulia. Lakini kila nilipokwenda kwa mama nilikuta anacheza, na kila alipodaka hamsini alimpigia shemeji simu. Si mdogo wangu, la: shemeji. Nilimletea balbu, nikamfungia bomba lililokuwa likivuja, akaniambia asante bila kugeuka. Nyie mlio na roho nyeupe hamtanielewa. Wivu wa mtu mzima ni kitu cha aibu sana, na nilikuwa nao kuanzia kisigino hadi utosini.

Jumamosi moja mama alitoka kuanua nguo. Laptopu ilikuwa wazi mezani. Nilifungua lile faili, nikafuta elfu tatu, nikaandika elfu nne na mia tano.

Sikuandika elfu ishirini. Hapo sahani zingenyesha kama mvua na hata mtoto angejua kuna kitu. Nilipandisha kifundi, kiasi cha kumchosha mtu na kumharibia. Hesabu yangu ilikuwa hivi: mama ataona mchezo umeharibika, atanung'unika kwamba kazi ya mkwe si ya kudumu, atanipigia, nitakuja na bisibisi yangu nisiyoihitaji, nitakaa dakika kumi nikikunja uso, nitarudisha elfu tatu. Na jirani wa ungo atasimuliwa upya.

Nilisubiri simu. Jumatatu haikuja. Jumatano nilipita, laptopu imefungwa na juu yake pametandikwa kitambaa. "Mchezo vipi, mama?" nikauliza. "Upo," akajibu, akabadili mazungumzo. Nikafurahi. Nilidhani anamfichia mkwewe aibu, nikasema moyoni, mwache, atasema tu. Wiki ya pili nayo ikapita. Nilimwona akiukanda ule mkono wa kushoto kwa mafuta, nami nikamuuliza kama baridi inamsumbua.

Kosa langu lilikuwa la fundi. Mteja wangu yeyote, hata akimwagia chai mashine yake mwenyewe, huingia kwangu akiitukana mashine. Nilimpima mama kwa kipimo cha wateja. Mama ni mpiga chapa wa zamani. Enzi zao herufi moja ikienda upande, ukurasa mzima unarudiwa, na hakuna mkuu wa ofisi aliyekubali kusikia kwamba mashine ndiyo imekosea. Miaka thelathini na mmoja alizoeshwa kutazama vidole vyake kwanza. Sahani zilipoanza kumponyoka, hakuitazama laptopu hata mara moja.

Siku ya kumi na nne mdogo wangu alinipigia, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Kaka, mama amekubali. Kasema mwenyewe, sijamlazimisha. Kasema mkono umeanza kumwacha. Mwenye nyumba ameshaambiwa, mpangaji mwingine ameshalipa. Tunakuja kumchukua Jumamosi ijayo."

Nilikaa chini, kwenye sakafu ya kazini, katikati ya nyaya. Nilijua palepale. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ila mimi nilikuwa nimemtanguliza mama yangu.

Ningempigia simu siku ileile. Ningekwenda kwa miguu, mita mia tatu. Sikwenda. Nilijidanganya kwamba nitairudisha kasi kimyakimya, mama ajaribu, azidake, abadili nia, na mtu asijue. Nilitaka kusahihisha na bado nitoke safi. Kila nilipokwenda alikuwa na watu, majirani wanaaga, masanduku yanafungwa, na laptopu sikuiona. Niliipata Jumamosi yenyewe, juu ya kabati jikoni, shemeji akiwa nje anapakia godoro. Nikarudisha elfu tatu, nikahifadhi, nikaenda nayo sebuleni.

"Mama, hebu jaribu mara moja tu."

"Funga hiyo," alisema.

"Mara moja, mama."

"Nimejaribu wiki tatu. Jana nilidaka nane." Alisema nane kwa sauti ndogo, kama anayetaja ugonjwa. "Nikishindwa tena mbele yenu nitalia, na sitaki kuondoka hapa nikilia."

Mdogo wangu alinitolea macho. "Kaka, mwache mama." Shemeji aliingia akasimama mlangoni, viatu mkononi, kwa kuwa hata nyumba ikiwa tupu yeye huvua viatu.

Ikabidi niseme. Niliyasema yote, wala sikuyapamba.

"Mkono wako ni mzima. Ni mimi. Niliongeza kasi ulipotoka kuanua nguo. Nilimwonea wivu mkweo, nikataka kazi yake ionekane mbovu. Nimeirudisha sasa hivi."

Kisha shemeji, kwa ule upole wake wa kupima macho, aliichukua laptopu mikononi mwangu ili anisaidie. Naapa, alitaka kunisaidia. Akafungua faili, akasogeza miwani.

"Kasi ni elfu tatu," alisema. "Iko vilevile nilivyoiacha."

"Nimekwambia nimeirudisha sasa hivi, jikoni."

"Sawa, kaka," akasema, akaifunga taratibu. Aliitikia kama unavyomwitikia mtu kwenye msiba.

Nilimgeukia mama. Nilimkuta ananitazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona yakinitazama mimi. Alinyoosha ule mkono wa kushoto, akanishika shingoni kwa nyuma. Vidole vilikuwa na nguvu. Kila kimoja nilikisikia peke yake.

"Unajipaka tope mbele ya shemeji yako," alisema, "ili mimi nisijione mzee."

"Mama, ni kweli."

"Najua." Akatikisa kichwa, anatabasamu. "Sikujua kama unanipenda hivi. Mungu akulipe."

Niliapa. Nilitaja siku, nikataja saa, nikataja nguo alizoanua. Kadiri nilivyoapa ndivyo alivyozidi kunipapasa shingo, na mdogo wangu, ambaye hajanisifu tangu tukiwa watoto, akaanza kulia akisema kaka jamani. Jirani wa ungo alikuwa dirishani. Huyo naye alikuwa amepata cha kusimulia.

Nilimbebea sanduku la mwisho hadi kwenye gari. Shemeji alimfunga mkanda, akamwekea mto mgongoni, nami nikasimama nikimtazama anavyofanya kila kitu sawasawa. Gari lilipoanza kuondoka mama alitoa mkono nje akanipungia, kwa muda mrefu, mpaka wakakata kona. Alikuwa anampungia mwanawe aliyejitwika uongo kwa ajili yake, na nilimwonea wivu mtu huyo kuliko nilivyowahi kumwonea shemeji.