Dania ya Ntheo

Mutindi alipanda dania nyingi kwa sababu ya mdomo wake mwenyewe. Agosti ya mwaka uliopita alikuwa kwenye foleni ya chakula katika ntheo, sherehe ya mbuzi wa posa, ya Kasyoki, binti wa jirani yake Muthoki. Alipofika kwenye beseni la kachumbari alisema, bila kupunguza sauti, kwamba kachumbari isiyo na dania ni nyanya zilizokatwakatwa tu. Watu wanne hivi walicheka. Kufikia jioni neno hilo lilikuwa limezunguka Kathonzweni yote. Muthoki alilisikia, akanyamaza.

Kwa hiyo zamu ya Mutindi ilipofika, hakuwa na pa kurudi nyuma. Binti yake Nthenya, anayeuza dawa katika kemisti moja ya Mtito Andei, alikuwa ameposwa na Ngure, kijana wa Muigai na Wacuka, wenye hoteli ya madereva wa malori kule kule. Wazazi walikubaliana tarehe. Upande wa kijana ungeleta mbuzi wa ntheo, na bila mbuzi hao mwanamke wa Kikamba huhesabiwa kuwa hajaolewa, hata awe na watoto watano na cheti cha kanisa. Mutindi alihesabu wiki sita kurudi nyuma, akalima tuta refu karibu na tangi, akamwaga mbegu. Maji ya kuoshea vyombo, ya kuoshea miguu, ya kusuuzia nguo, yote yalikwenda kwenye tuta hilo. Alitaka wageni mia mbili waile kachumbari yake, na Muthoki awe mmoja wao.

Dania ikastawi kuliko mahindi ya mwaka huo. Wiki moja kabla ya siku yenyewe, simu ikaja: mjomba wa Ngure amelazwa hospitali, tusogeze mbele wiki tano. Mutindi akasema Mungu amponye, akaweka simu chini, akaenda kulitazama tuta. Dania haina habari na wajomba. Kwa jua la Kathonzweni, ikishakomaa hungoja siku chache tu, halafu hurefuka shingo, majani yakawa nyuzi, maua yakatokea. Alilima tuta la pili kwa ajili ya tarehe ya pili. Mjomba alipona, tarehe ikasogezwa tena, na safari hii Nthenya alisema tu kwamba bado wanajipanga. Mama yake akalima tuta la tatu.

Mtu mwingine angegawa. Dania ikimzidi mtu, huwapa majirani mpaka waanze kumkwepa njiani. Lakini hapo ndipo Mutindi alipokuwa amejifunga kamba mwenyewe. Hakuna mtu asiyejua dania ile ni ya nini, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amemwambia kila aliyepita. Kumpa jirani fungu moja kulikuwa sawa na kusimama kanisani na kutangaza kwamba wakwe hawaji. Kuipeleka sokoni kungekuwa kubaya zaidi. Jina la Nthenya lingeshikwa na kila aliyekuja kununua kitunguu. Dania yote, basi, ilibidi iliwe ndani ya geti, na ndani ya geti walikuwamo watu wawili.

Wakaila. Ilitiwa kwenye isyo ya mahindi na maharagwe, kwenye muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, kwenye ndengu, kwenye mayai. Ilisagwa na pilipili na ndimu, ikajaa chupa tatu za jemu. Mumewe alipikiwa pilau siku ya Jumatatu, mwanamume ambaye hajawahi kuona pilau isipokuwa Krismasi. Nyingine ilianikwa juu ya mabati, ikakauka vizuri na kupoteza harufu yote, ikawa nyasi. Musyoka, mumewe, ni mwalimu mstaafu, na si mtu wa kulalamika haraka. Alivumilia wiki mbili.

"Mama Nthenya," alisema asubuhi moja, akichungulia kikombe. "Hata kwa chai?"

"Inasaidia tumbo."

"Tumbo yangu haina shida."

"Bado."

Akanywa. Baada ya muda akasema, "Si tupelekee Wacuka? Hoteli yake inamaliza hii yote siku moja."

Mutindi alimtazama mpaka akaweka kikombe chini. "Nimpelekee dania ya ntheo, ndio akumbuke?"

"Ni ya kupika tu."

"Baba Nthenya, kunywa chai."

Siku iliyofuata alipata dawa, au alidhani amepata. Alikata tuta la kwanza lote, lililokuwa tayari na mbegu, akampa ng'ombe wake wa maziwa. Ng'ombe alikula bila kuuliza tarehe. Siku zilizofuata akapewa tuta la pili kidogo kidogo, mpaka likabaki nusu. Mutindi alijisifu moyoni. Aliyaonja maziwa, akayaona ni maziwa. Hakufikiria kwamba ulimi uliokula dania wiki tatu mfululizo hauwezi tena kuisikia.

Jumanne Nthenya akapiga simu.

"Mwaitu, umepanda ingine?"

"Ziko tuta tatu. Ile ya mwisho iko tayari wiki ijayo."

"Wacha kupanda. Hawakuji. Si wao wamekataa. Ni mimi. Ngure ako na mtoto huko Emali, wa miaka mbili, na sikuwa nimeambiwa. Ile tarehe ya pili ni mimi nilisongesha, nikifikiria."

"Na ukaniacha nikimwagilia maji."

"Nilikuwa naogopa kukuambia. Vile ulikuwa umeambia watu."

Mutindi alikaa kwenye kibao cha jikoni muda mrefu. Alifurahi kwamba binti yake ameona mapema, na furaha hiyo haikumpunguzia aibu hata kidogo. Kilichomuuma zaidi ni hilo la mwisho: mtoto wake alikuwa amebeba jambo zito peke yake, kwa kuogopa mdomo wa mama yake. Aliamua kwamba hatamwambia mtu. Watu wangesahau polepole, kama wanavyosahau mambo mengine.

Lakini Jumatano ilikuwa zamu yake ya ushirika. Kina mama wanane wa kanisa walikuja, wakaimba, wakaomba, Kasiva, katibu wao, akasoma neno. Muthoki alikaa karibu na mlango. Mutindi akaleta chai ya maziwa, nzito, ya kuwaheshimu wageni.

Vikombe vilipanda, vikasimama.

"Chai iko na kitu," Kasiva alisema taratibu.

Mama mmoja alinusa kikombe chake. Mwingine akageuza shingo kutazama nje, tangini, mahali palipokuwa na tuta moja lililofyekwa lote, la pili limefyekwa nusu, na la tatu linameremeta. Wengine wakageuka kumfuata. Ng'ombe alikuwa ameshatangaza.

Muthoki peke yake hakugeuka. Alikunywa chake mpaka chini, akanyoosha mkono aongezewe.

Mutindi alimwongezea. Kisha aliweka birika chini, akachukua kisu na kutoka nje, nao wakamfuata mmoja mmoja. Aliinama kwenye tuta la tatu akaanza kukata, akifunga mafungu kwa mashina ya dania yenyewe.

"Chukueni," alisema. "Wageni hawakuji. Nthenya amekataa huyo kijana, na amekataa vizuri. Hii ilikuwa yake. Mupike."

Wakapokea. Kasiva alisema Mungu ana mpango, kwa kuwa ni katibu na ilibidi aseme kitu. Wengine walishukuru kama mtu anavyoshukuru akipewa mboga, wakaenda zao, fungu kwapani. Muthoki ndiye aliyebaki mwisho. Alipewa lake, akaligeuza mkononi, akakagua majani.

"Yangu ilikuwa nzuri kushinda hii," alisema.

"Yako gani?"

"Dania. Ya ntheo ya Kasyoki." Alikuwa akiifunga ndani ya leso, bila kumtazama. "Wale watu walikuwa wakuje July. Tuliwangoja mpaka saa kumi. Kesho yake nikaamka mapema kabla nyinyi mutoke, nikang'oa yote, nikatupa kwa choo. Wakakuja August, na sikuwa na ingine."

Mutindi aliinama tena, akamkatia fungu la pili.