Ikiwasha, Vumilia

"Mmempaka nini?" nesi aliuliza kwa mara ya pili, na Bibi Marta akageuka kuangalia ukuta.

Ukutani pale zahanati palikuwa na ratiba ya chanjo tu na picha ya mama anayenyonyesha, lakini alivitazama kama mtu aliyeambiwa avikariri. Kitandani alikaa mjukuu wake Glory, uso umevimba hata macho yamebaki mistari miwili, mashavu yana malengelenge yanayovuja maji. Mwanzoni mwa wiki uso huo ulikuwa na chunusi tu, chunusi za kawaida za msichana wa miaka kumi na tano.

"Nilibadilisha sabuni," alisema Glory kwa taabu. "Hakuna kingine."

Mtoto alikuwa anamsitiri bibi yake. Marta alijua hivyo.

Nesi Zakia, mtu wa Tanga mjini ambaye alikuwa hajamaliza mwaka huku milimani, alivuta kiti akakaa karibu naye. "Bibi, mimi sikugombezi. Nikijua alichopaka nitajua pa kuanzia. Kuna vitu vikishaingia kwenye ngozi vinaendelea kuila."

"Ni sabuni, mwanangu," alisema Marta.

Alikuwa na miaka sitini na tisa, mzee wa kanisa, na hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alisema uongo mchana kweupe. Ulimtoka kirahisi hata akajiogopa. Nesi alishusha pumzi, akaanza kumwosha Glory uso kwa maji mengi, na Marta akaaga kwamba anakwenda nyumbani kuleta uji.

Uji ulikuwa kisingizio. Alitaka kuuona ule mfuko wa unga wa dawa.

Kwa miaka thelathini Marta alitibu chunusi za wasichana wa vilima vile, na wengine walipanda kutoka Magoma kuja kumwona. Mwenye chunusi chache alimpa asali na maji ya mchele, akamwambia aache kuzitumbua kwa kucha. Mwenye uso uliochachamaa alimkandia dawa ya njano: unga wa salfa, ule unaonyunyizwa kwenye miti ya matunda, na mafuta ya nyonyo, vikasagwa juu ya jiwe mpaka viwe laini, kisha vikatiwa kwenye makopo matupu ya mafuta ya kujipaka. Kila kopo lilitoka na maneno yaleyale. "Ukipaka, usinawe haraka. Ikiwasha, vumilia, ndiyo inafanya kazi. Mvumilivu hula mbivu."

Wasichana walivumilia, nao walipona.

Salfa ilikuwa na jaribio lake, alilofundishwa na mama yake mzazi. Kabla ya kukanda unadondosha chembe juu ya kaa la moto. Ikiwaka mwali wa bluu na kukukaba pua, ni yenyewe. Jumanne iliyopita Marta hakufanya hivyo. Mvua ilikuwa imelowesha kuni, moto umezimika, na zilibaki siku chache tu kabla ya kipaimara. Wasichana wanne walitaka kusimama mbele ya usharika na nguo zao nyeupe na nyuso safi. Naye, baada ya miaka thelathini, angekosea nini?

Alipofika nyumbani aliwasha moto, akasubiri kuni zishike. Akautungua mfuko kwenye msumari juu ya mafiga, mahali salfa yake ilipokaa siku zote, mfuko wa nailoni usio na maandishi, akachukua unga kwa ncha ya kisu na kuudondosha juu ya kaa.

Hakukuwa na bluu. Ulitoka moshi wa kijivu, mzito, wenye harufu ya kitu kilichooza.

Alikuwa bado amechuchumaa pale mwanawe Benjamini alipoingia, matope hadi magotini. "Shikamoo, mama. Umeuona mfuko wangu wa dawa ya nyanya? Niliutundika hapo."

"Ni dawa ya nini?"

"Ya ukungu. Ile ya njano, ya kupimiwa. Muuzaji kasema tusiishike bila glavu." Akaiona mikono ya mama yake, akauona mfuko. "Mama?"

Marta alimwambia. Alimwambia yote, na la zahanati pia, maana hilo ndilo lililomuuma kuliko mengine. "Kimbia kwa nesi, mpelekee huo mfuko. Mwambie, 'Mama yangu kadanganya.' Mwambie hivyohivyo, usinipambie."

"Na wewe?"

"Mimi nina makopo matatu huko nje."

Alikuwa ameyagawa Alhamisi jioni, baada ya mafundisho ya kipaimara. Leo ilikuwa Jumamosi. Alijifunga kitenge kiunoni, akachukua fimbo na kushika njia.

Kwa kina Janeth, nyumba ya karibu, kopo lilikuwa halijafunguliwa. Mama yake Janeth alicheka. "Umetoka huko kote kwa ajili ya kopo, Bibi?" Marta alipomweleza, kicheko kilikatika, na yule mama akaanza kujifuta kwenye kanga mkono ulioshika kopo, akaufuta na kuufuta.

Nyumba ya pili ilikuwa ya Faraji, mchonga mizinga ya nyuki. Binti yake alipaka mara moja, ikamwasha, akakimbilia maji. Sasa mashavu yalikuwa mekundu, basi. Marta alimshukuru Mungu kwa sauti. Faraji alimsikiliza mpaka mwisho akiwa na tezo mkononi, kisha akaingia ndani mwenyewe kulileta kopo.

"Mke wangu alitibiwa kwako zamani, kabla sijamwoa," alisema. "Sisemi hukutusaidia. Ila usije tena hapa, Bibi."

Hakupaza sauti. Marta angependa apaze.

Likabaki la Dina, juu kabisa, njia ya kuelekea Kifungilo. Dina hakuwa na baba wala mama. Alilelewa na babu yake, Kornelio, na uso wake ulikuwa umeharibika kuliko wote. Shuleni walimwita Gunzi. Alhamisi ile Marta alimwonea huruma, akamjazia kopo pomoni.

Mlima ulikuwa mkali na udongo unateleza. Marta alipanda akihema, na kila alipotua kupumzika aliwaza habari za yule mtoto: anayekuja wa kwanza mafundisho, anayejua katekisimu yote kwa moyo, anayeambiwa mara moja akatii. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alimwomba Mungu mtoto awe mtukutu. Awe amelitupa kopo chooni. Awe amemcheka bibi kizee na dawa zake.

Kornelio alikuwa uani akichambua maharage.

"Dina yuko wapi, mgosi?"

"Yuko ndani tangu jana. Kafunga dirisha, anasema mwanga unamchoma. Namwambia nawa, mtoto wewe, nawa. Hataki." Mzee alitikisa kichwa, lakini palikuwa na fahari kidogo katika sauti yake. "Anasema Bibi Marta kakataza."

Marta aliingia bila kubisha hodi. Ilimchukua muda kuzoea giza la chumbani. Nguo nyeupe ya kipaimara ilining'inia msumarini, imepigwa pasi tayari. Chini yake Dina alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono ameikalia ili asijikune, uso umemvimba hadi kufumba macho yote mawili, na juu ya uso huo tabaka nene la njano lililokauka na kupasukapasuka.

"Nani?"

"Mimi. Marta."

"Shikamoo, Bibi." Aliinua uso kuelekea sauti ilikotoka. "Sijanawa. Imewasha sana, lakini nimevumilia."

Marta alilifungua dirisha, akavuta ndoo na beseni, akamwinamisha mtoto kwa kumshika kisogoni. Akachota kata ya kwanza na kumimina polepole. Maji yalishuka ya njano. Akachota tena, akamimina, yakashuka ya njano.